MASHINE KUUKUU YA SEREMALA: NAMNA YA KUIANZA

(Maneno ya fundi seremala mmoja, aliyowaambia wenyeviti wa vijiji, walimu na vijana wa Kilosa na Mikumi)



Nimeombwa niseme nanyi habari za mashine ya seremala yenye kazi nyingi, yaani ile ambayo mota moja huendesha msumeno, randa na kekee pamoja. Vikundi vya vijana katika vijiji vyetu vyazitafuta mashine hizi, hasa zile kuukuu zitokazo ng'ambo, maana bei yake ni nafuu kuliko mpya. Jambo hili ni jema, wala sikuja kuwakatazeni. Nimekuja na neno moja tu, na yote nitakayosema yatalizunguka hilo: mashine hii huanzwa kwa macho na kwa mikono kabla ya kuanzwa kwa umeme. Juma la kwanza ndilo litakaloamua kama mashine itawalisheni miaka ishirini, au kama itakaa pembeni mwa banda ikiliwa na kutu, na vidole vya mtoto wa mtu vimekwisha kwenda.

ASILI YA MASHINE HII

Watu wengi hudhani kwamba mashine za mbao ni jambo la juzi. Sivyo. Mwingereza mmoja, Samuel Bentham, aliandikisha mashine zake za kazi ya mbao katika mwaka 1791, na nyingine mwaka 1793. Kisha huko Portsmouth, penye bandari ya manowari za Uingereza, ikajengwa karakana ya kutengeneza kapi za merikebu. Waliokaa pwani wazijua kapi: ni vile vigurudumu vya mti vipitishavyo kamba ya tanga. Merikebu moja kubwa ya vita ilitaka kapi kadiri ya elfu moja. Marc Brunel alizibuni mashine, Henry Maudslay akaziunda, na ilipofika mwaka 1808 karakana ile ilikuwa ikitoa kapi 130,000 kwa mwaka. Husemwa kwamba watu 10 wasio mafundi waliifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mafundi 110.

Lakini katika karakana ile kila mashine ilikuwa na kazi yake moja tu. Fundi wa mji mdogo hana nafasi ya kuweka mashine tano, wala hana fedha ya kununua mota tano. Ndipo watu wakafikiri namna ya kuzikusanya kazi zote juu ya mwili mmoja. Huko Marekani mwaka 1947 ilitoka mashine iitwayo Shopsmith, iliyobuniwa na Hans Goldschmidt, ambayo mota yake moja hupasua mbao, hutoboa, hukereza na hupiga msasa. Ulaya nako zikatoka nyingine, kama Coronet ya Uingereza, Lurem na Kity za Ufaransa, na Robland ya Ubelgiji. (Nisemapo Ulaya, sisemi kijiji chetu cha Ulaya kilichopo njiani kati ya Mikumi na Kilosa, nasema ile ya ng'ambo.)

Mashine za Ulaya kwa kawaida zina viungo hivi: msumeno wa duara, randa ya juu, ambayo juu yake mbao husukumwa kwa mkono, randa ya unene, ambayo hupitisha mbao chini ya visu ili itoke na unene mmoja, na kekee ya kuchimba matundu ya kuingizia ndimi. Nyingine zina mhimili uliosimama wenye visu vya kuchonga nakshi za kingo. Kiungo hiki cha mwisho nitakisema baadaye, na sitakisema kwa sifa.

FAIDA YAKE KWETU SISI

Nchi yetu ni nchi ya miti. Mji wa Mikumi wenyewe umeitwa kwa jina la mti, ule mkumi ambao wengine huuita mvumo. Katika misitu yetu mna mninga, mna mkongo, mna mpingo. Tena tangu mwaka 2012 vijiji kadha wa kadha vya Wilaya ya Kilosa, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA, vilianza kutenga misitu ya kijiji na kuivuna kwa mpango, ili mti ulete fedha bila msitu kwisha.

Lakini gogo likiuzwa gogo, faida yake ni ya siku moja, na aliyelichukua ndiye atakayelipasua, kulipiga randa na kuturudishia mlango kwa bei ya mlango. Mninga uliochukua miaka mingi kukua haustahili kuondoka kijijini ukiwa mbichi na mchafu. Ukigeuzwa madawati ya shule, milango na vitanda hapa hapa, fedha hubaki, na kazi hubaki, na kijana hubaki. Ndiyo maana ya kuwa na mashine. Lakini sharti niongeze: mashine haimfanyi mtu kuwa seremala. Yamwongezea upesi yule aliye seremala tayari, na yule asiyejua yamwongezea upesi wa kuharibu.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mkienda kununua, msikubali kuonyeshwa mashine iliyopakwa rangi mpya halafu mkarudi na furaha. Rangi haikati mbao. Chukueni nyundo ndogo mgonge mwili wake wa chuma polepole mahali mbalimbali. Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hulia kama chungu kilichovunjika. Chuma cha kalibu kikipasuka hakiungiki kwa urahisi, basi mashine ya namna hiyo iacheni huko huko.

Shikeni mhimili wa msumeno na ule wa randa, mutikise juu na chini. Ukicheza, beringi zimekwisha. Hilo si jambo la kuogofya, maana beringi zina nambari zilizochorwa ubavuni, kama 6204 au 6205, na nambari hizo ni moja dunia nzima. Beringi 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52 na unene milimita 15, iwe imetengenezwa mwaka 1960 au mwaka huu. Kwa hiyo mashine ya miaka sitini hupata beringi mpya katika duka la vipuri.

Halafu someni kibati cha mota. Umeme wetu ni wa volti 230 kwa njia moja, na volti 400 kwa njia tatu, na mizunguko yake ni 50 kwa sekunde. Mashine iliyotoka Marekani imefanywa kwa mizunguko 60. Hata mkiiwekea transfoma ya kuzipatanisha volti, mizunguko haibadiliki: mota ile huenda kwa mwendo pungufu, sehemu tano katika sita, nayo hupata moto kuliko desturi. Dawa yake ni kubadili mota, basi bei ya mota mpya iingizwe katika hesabu kabla ya kununua. Tena, kama mota yataka njia tatu na kijijini mna nguzo za njia moja tu, mwulizeni TANESCO kwanza. Nimeona mashine nzuri ikifunikwa turubai mwaka mzima kwa sababu watu walinunua kwanza wakauliza baadaye.

Mwisho wa yote, tazameni kama vifuniko vya kukingia mikono vipo. Kama havipo, msikubali maneno ya muuzaji kwamba havihitajiwi. Ama bei ipunguzwe mkavifanyize kwa fundi chuma, ama mwende zenu.

SIKU SABA ZA KWANZA

Sasa mashine imefika, na vijana wote wamesimama kuizunguka, na kila mmoja ataka kusikia inalia. Hapo ndipo Mwenyekiti aseme hapana. Waya wa umeme usifungwe bado.

Siku ya kwanza ni ya mahali na ya usafi. Mashine isimame juu ya sakafu ya saruji, ipimwe kwa pima maji, ifungwe kwa bolti. Nyuma yake na mbele yake pawe na nafasi ya futi 8 au zaidi, maana ubao uingiao lazima pia utoke. Ondoeni kutu ya meza kwa mafuta ya taa na msasa laini, kisha mzisugue meza kwa nta ya mshumaa. Msizipake mafuta, kwa kuwa mafuta hutia madoa katika mbao.

Siku ya pili ni ya kuzungusha kwa mkono. Zungusheni kila mhimili polepole, mkisikiliza. Sauti ya kusagika ni beringi. Tazameni mikanda: iliyopasuka ibadilishwe, na kama puli moja yachukua mikanda miwili, yote miwili ibadilishwe pamoja, ama sivyo mpya utabeba kazi yote peke yake. Jifunzeni pia zile roda za kuunganisha na kutenganisha kazi. Hapa ndipo ilipo hatari ya mashine ya kazi nyingi ambayo mashine ya kazi moja haina: mtu apiga randa huku, kumbe msumeno nao wazunguka kule upande wa pili penye mkono wa mwenziwe. Kazi isiyotumika itenganishwe. Isipotenganishika, msumeno ushushwe chini ya meza na kufunikwa.

Siku ya tatu ni ya visu vya randa. Ngoma ya visu iwe ya duara. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1922 ilikataza kupiga randa ya mkono katika mashine isiyo na ngoma ya duara, kwa sababu ile ya pembe nne huacha pengo kubwa ambalo mkono huvutwa ndani yake. Basi mkikuta ngoma ya pembe nne katika mashine kuukuu sana, isitumike kabisa. Visu vinolewe, kisha vipimwe kwa mzani: visu vya ngoma moja viwe na uzito mmoja, ama sivyo mashine itatetemeka. Kuvipanga ndiko kazi yenyewe. Wekeni kipande cha ubao kilichonyooka juu ya meza ya kutokea, kipite juu ya ngoma, mkizungushe kisu kwa mkono taratibu. Kisu kikigusa ubao kitausogeza mbele kidogo, kiasi cha milimita 3. Pimeni upande wa kulia, katikati na kushoto, na kila kisu, mpaka vyote viusogeze ubao sawasawa. Kisha kazeni bolti, mkarudi kuzikaza tena. Kisu kilicholegea katika mwendo ule ni risasi.

Siku ya nne ni ya msumeno. Nyuma ya msumeno husimama kisu kisichokata, ambacho kazi yake ni kuizuia mbao iliyopasuliwa isijifunge ikabana meno. Kisu hicho kikae karibu na meno, pasipozidi milimita 8. Watu wengi hukitoa na kukitupa kwa kuwa hawajui maana yake. Mbao ikibana meno ya nyuma, hunyanyuliwa na kurushwa kama mshale kumwelekea aliyeisukuma, na hakuna kifua kiwezacho kuushinda mshale huo. Kwa sababu hiyo hiyo fundi hasimami nyuma ya mstari wa msumeno. Husimama kando kidogo. Siku hiyo hiyo chongeni vijiti viwili vya kusukumia, viwe vimetundikwa pale pale kwenye mashine.

Siku ya tano mwiteni fundi umeme mwenye leseni. Aweke waya wa ardhi, aweke fyuzi ipasayo, wala asitumie waya mwembamba kutoka mbali, maana volti hupungua njiani na mota huungua. Na jambo moja mlidai kwake kwa sauti: umeme ukikatika kisha ukarudi, mashine isianze yenyewe. Mashine kuukuu nyingi zina swichi ya zamani ambayo hukaa imewashwa. Umeme hukatika, fundi huinama kuondoa maranda penye visu, umeme hurudi. Sina haja ya kumalizia habari hiyo. Swichi ya namna mpya huzima yenyewe umeme ukatikapo, na haiwaki mpaka mtu aibonyeze. Bei yake si kitu mbele ya mkono.

Siku ya sita, washeni mara moja na kuzima, mtazame upande wa kuzunguka. Meno na visu sharti vije kumkabili asukumaye, wala visikimbie kwenda mbele. Kama ni umeme wa njia tatu na mzunguko umekuwa kinyume, fundi umeme atabadilishana nyaya mbili. Kisha iacheni izunguke tupu kwa muda, mkae mbali, mkisikiliza na kunusa. Zimeni, na kila kijana ahesabu ni muda gani umepita mpaka msumeno usimame kabisa. Watashangaa. Mashine iliyozimwa si mashine iliyosimama.

Siku ya saba ndiyo ya mbao, na iwe mbao laini ya msonobari, isiyo na fundo wala msumari.

HABARI YA MWENDO NA YA VIFUNIKO

Niruhusuni nifanye hesabu, maana walimu wapo. Msumeno wa kipenyo cha milimita 300 ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, jino lake hupita mita 47 kwa sekunde moja. Hizo ni kama kilomita 170 kwa saa, mwendo ambao basi la barabara kuu ya Iringa lisingethubutu. Ngoma yenye visu viwili ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hukata mara 10,000 kwa dakika ile. Basi mtu asemaye, "Mimi ni mwepesi, nitauondoa mkono," hajapiga hesabu.

Nalimwona kijana mmoja, ambaye jina lake na mahali pake havina haja ya kutajwa. Alikuwa hodari, mwenye jicho zuri la mstari. Kifuniko cha randa katika karakana aliyofanyia kazi kilikuwa kimetolewa, ati chachelewesha. Siku moja alipiga randa kipande kifupi kama kiganja cha mkono, kwa mkono mtupu. Kipande kiliruka, mkono ukashuka mahali kilipokuwa. Vilikwenda vidole viwili. Aliyenihuzunisha zaidi si yule wa siku ile, bali yule niliyemwona baada ya miezi: vidole vilivyobaki vyatosha kushika patasi, lakini alipousikia mlio wa randa aligeuka akatoka nje. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nami nasema pia hakishiki msumari.

Basi kanuni iwe hivi, na iandikwe ukutani: kipande kisichofika milimita 300 hakipiti juu ya randa, kifuniko hakitolewi, mwenye mikono mirefu ya shati, shanga, saa au glavu hakaribii. Kijana akiuliza kwa nini glavu zakatazwa, mwambieni kwamba kisu hukata kidole, lakini glavu huvuta mkono wote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwenye karakana awalinde watu wake. Lakini sheria haisimami kando ya mashine kila saa. Anayesimama hapo ni msimamizi wenu.

KAZI YA KWANZA

Anzeni na kitu kidogo chenye kufaa, kama kigoda au benchi la darasani. Fuateni utaratibu huu wala msiupindue. Kwanza nyosheni uso mmoja wa ubao juu ya randa, mkiondoa milimita 1 tu kila safari. Pili geuzeni ubao, uso ule ulionyoka uegemee kiongozi, mnyoshe ubavu mmoja, mkipima kwa pembemraba. Tatu ingizeni ubao katika randa ya unene, uso ulionyoka ukiwa chini, upate unene mmoja. Nne pasueni upana kwa msumeno, ule ubavu ulionyoka ukiegemea kiongozi. Tano kateni urefu. Ndipo mchimbe matundu na kukata ndimi.

Kwa nini sharti uso uwe wa kwanza? Kwa sababu randa ya unene hufuata kilicho chini yake. Ubao uliopinda ukiingia humo hutoka mwembamba na bado umepinda. Na ubao wenye tumbo ukiwekwa mezani penye msumeno hutikisika, kisha hubana meno, kisha ni ule mshale niliousema. Utaratibu huu, basi, walinda kazi na walinda mtu kwa pamoja.

Hapo ndipo mtakapoona faida. Kusawazisha mbao za benchi moja kwa randa ya mkono ni kazi ya kutoa jasho. Mashine huimaliza kabla chai haijapoa. Lakini yule aliyekwisha kutoa jasho lile kwa mkono ndiye atambuaye upesi kwamba nyuzi za mbao zimegeuka, kwa kuwa ameshazihisi. Kwa hiyo nashauri kila kijana atengeneze kigoda kimoja kwa vyombo vya mkono kabla hajapewa ruhusa ya kugusa swichi.

Na ule mhimili wa nakshi, utoeni visu, mvifungie kabatini mwaka mzima. Ndio kiungo kigumu kuliko vyote, na mwanafunzi hana kazi nacho.

TABIA YA MITI YETU

Mashine za ng'ambo nyingi zilizoea misonobari ya huko. Miti yetu ina tabia nyingine. Mninga ni mti mwema: ukikauka hautembei sana, na randa huupenda. Mpingo ni mzito hata huzama majini, nao humaliza makali ya visu mara moja. Mti huo ni wa wachongaji, msiutie katika randa ya kikundi. Mvule una siri yake: ndani yake mara nyingine hujificha mawe ya chokaa, yasiyoonekana kwa nje, na kisu kikiyakuta huvunjika meno. Pigeni hatua ndogo, na mlio ukibadilika zimeni mtazame.

Mbao ziwe kavu. Kanuni ya mafundi wa zamani ni mwaka mmoja wa kuanikwa kivulini kwa kila inchi moja ya unene, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite. Mlango uliofanywa kwa mbao mbichi wakati wa masika hautafunga wakati wa kiangazi, na mteja hatarudi.

Tena, vumbi la mbao si unga wa kupuuzwa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani (IARC) lililiandika vumbi la mbao miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa watu. Fungueni madirisha, fungeni pua na mdomo kwa barakoa, na maranda yafagiliwe kila jioni, maana pia ni chakula cha moto.

Na mbao zenyewe ziwe za halali, zenye kibali na alama ya nyundo ya Misitu. Mashine ya kijiji ikipasua mbao za wizi, kijiji chajiibia chenyewe.

ULINZI WA MASHINE

Nimebakiwa na neno kwa Wenyeviti na Walimu. Mashine ya watu wote mara nyingi huwa mashine isiyo na mtu. Mteueni mmoja awe msimamizi, naye peke yake ashike ufunguo wa swichi. Awe na daftari: nani ametumia, saa ngapi, visu vilinolewa lini, grisi ilitiwa lini, fedha kiasi gani imeingia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sehemu ya kila fedha iwekwe kando kwa visu na beringi, isiguswe hata kwa arusi.

Kwa vijana watakao kujifunza zaidi, Chuo cha VETA kipo hapa hapa Mikumi, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi katika mikoa. Nendeni mkaulize kwa miguu yenu. Kuuliza hakulipiwi kodi.

Ndugu zangu, mashine hizi zimekwisha kutumikia mafundi wa nchi nyingine miaka arobaini au hamsini, nazo zingali na nguvu. Zimedumu kwa sababu kila jioni yupo aliyezifagia, akazitia grisi na kurudisha kifuniko mahali pake. Zikija kwetu zakuta miti mizuri na vijana wenye nguvu. Lililobaki ni subira ya siku saba, na baada ya hapo usafi wa kila jioni. Kijiji kitakachoweza hayo kitauza milango badala ya magogo, na kila kijana atarudi nyumbani jioni na vidole vyake kumi.